Barua kwa mdogo wangu aliyebakiwa na Q

Mdogo wangu,

Juzi usiku ulinitumia picha ya ubao wa Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi, na maneno matatu tu: "Q tena, dada!" Nikaitazama vizuri. Vigae vilikuwa vimeisha mfukoni, mwenzako akaweka vyake vya mwisho, wewe ukabaki na Q mkononi, bado unaongoza kwa pointi 14. Ukakatwa 10, thamani ya Q, naye akaongezewa hizohizo 10. Umeshindwa kwa pointi 6 mchezo uliokuwa wako. Asubuhi yake ukaniomba orodha ya maneno mafupi yenye Q bila U, ukasema maana zake niache, utakariri tu.

Naziandika maana kwa makusudi. Ukorofi wako nimeuzoea, wangu pia unaujua.

Kwanza rudi kwenye picha yako. Katikati ya ubao pamelala neno "rain". Juu ya ile i pako wazi, chini yake pako wazi. Kigae kimoja tu, Q juu ya i, na ungepata "qi", pointi 11 na mzigo umeutua. Qi ni nguvu ya uhai kwa Wachina, ile inayosemwa kuzunguka mwilini na ambayo matabibu wao wa jadi huishughulikia. Hutamkwa "chi". Kwenye orodha ya Marekani ya maneno yanayoruhusiwa mchezoni iliingia mwaka 2006, na tangu hapo Q haitishi kama zamani. Tena siku ukikuta i mbili zimekaa vizuri, moja kulia na moja chini ya kisanduku kimoja cha kuzidisha herufi mara tatu, tia Q hapo. Unahesabiwa 31 kwa ulalo na 31 kwa wima. Pointi 62 kwa kigae kimoja! Mimi imenitokea mara moja maishani na bado naisimulia.

Sasa kwa nini Q bila U ni adimu hivi? Kiingereza cha kale kwa kawaida hakikuwa na desturi hiyo ya "qu". Malkia aliandikwa "cwen". Waandishi wa Kinorman, walioingia Uingereza baada ya 1066, ndio walioleta mazoea yao ya Kifaransa, na U ikaganda kwa Q hadi leo. Kwa hiyo ukiona Q isiyo na U kwenye kamusi ya Kiingereza, ujue huyo ni mgeni. Muulize tu katokea wapi.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana wengi wao ni ndugu zako. Wametoka Uarabuni kama yalivyotoka maneno yetu kibao, ila Waingereza wameibakiza ile herufi ya Kiarabu, qaf, kama Q, sisi tukaifanya K. Itazame "suq". Funga macho uitamke. Ni soko! "Qadi" ni kadhi. "Waqf" ni wakfu, "talaq" ni talaka, "qibla" ni kibla, "niqab" ni nikabu. "Faqir" ni fakiri, ingawa kwa Kiingereza humtaja zaidi mtu wa dini aliyeipa dunia kisogo, si yeyote asiye na kitu. Maneno saba, na hakuna hata moja la kukariri. Unalolazimika kujua ni tahajia tu. Wewe uliyelelewa kwa Kiswahili unaingia kwenye mchezo huu na mtaji ambao mwenzako wa London hana, halafu unaniambia Q ni mkosi.

Angalizo moja: "qaid" ni kiongozi, chifu. Usije ukadhani ni mtu mkaidi.

Wasio na pacha kwenye Kiswahili wapo pia. "Qat" ni miraa. "Qoph" ni herufi ya Kiebrania, dada wa qaf. "Qanat" ni mfereji wa maji uliochimbwa chini ya ardhi, na "umiaq" ni mashua ya ngozi ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki. Basi.

Herufi nyingine nzito sikukusudia kuzigusa, lakini siwezi kuiacha "zo". Ni mnyama wa milima ya Himalaya, mtoto wa ng'ombe na yak, yule ng'ombe wa huko mwenye manyoya marefu, na huyo mmoja anaandikwa pia "zho", "dzo" na "dso". Tahajia nne za ng'ombe chotara! "Jo" ni mpenzi kwa Kiskoti. "Xu" ni sarafu ndogo ya Vietnam. "Za" ni pizza iliyokatwa kichwa, na sitaki kuieleza zaidi kwa sababu inaniudhi.

Hiyo "za" lakini ilinifanya nicheke siku moja nilipokuwa napitia viunganishi vyetu kimoja kimoja. "Ya" inakubalika, "la" ni noti ya muziki, "pa" ni baba, "cha" ni chai. "Ka" ni roho ya mtu kwa Wamisri wa kale. Imekataliwa "wa", tena ndiyo tunayoitumia kutwa.

Najua utanitajia Nigel Richards, yule wa New Zealand aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa chenyewe haongei. Sawa. Yeye anaweza kuutazama ukurasa wa kamusi ukabaki kichwani kama picha. Wewe unasahau ulipoweka simu ukiwa umeishika. Neno lisilo na maana kwako litakutoka dakika ileile unapolihitaji. Soko halitakutoka.

Jambo la mwisho kabla hamjagombana: kubalianeni mapema mnatumia orodha ipi. Marekani na Kanada wana yao, kwingine kwingi wanafuata ya Collins, wachapishaji wa kamusi wa Uingereza, iliyo pana zaidi. Ile "zo" yangu, kwa mfano, Collins wanaipokea, Wamarekani wanaitupa.

Nimekufungulia mchezo mpya kwenye simu. Nimeanza na "mosaic", na ile i nimeiacha wazi juu na chini. Kama Q iko kwako, nitaiona kabla ya kulala. Kama iko kwangu, utajua.

Dada yako