Kwa muuguzi mwenzangu uliyehamishiwa wodi ya wazazi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mzee wa nyumba na watoto wote. Sisi huku tu wazima. Mvua zimeanza na barabara ya kuingia hospitalini imekuwa tope tupu, lakini kazi inakwenda. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, hasa pale ulipoeleza kwamba tangu ulipotolewa wagonjwa wa nje ukapelekwa wodi ya wazazi, wanaokukosesha usingizi ni wale akina mama wanaoingia leba na mimba na kurudi nyumbani mikono mitupu, na ukaniuliza uwaambie nini.

Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu chuoni tulifundishwa vizuri namna ya kutoa kondo la nyuma na kuzuia damu, lakini habari ya mzazi aliyefiwa ilipitiwa juu juu. Kwa miaka niliyokaa wodi hii nimefikia kuamini kwamba maneno ni sehemu ndogo tu ya msaada wetu. Tulicho nacho hasa ni muda: zile saa chache baina ya mtoto kufariki na mwili wake kutoka wodini, ambazo wazazi hawatazipata tena, na ambazo kila mtu hospitalini, kuanzia daktari mwenye foleni hadi mhudumu anayetaka kitanda, angependa ziishe upesi. Anayeweza kuzilinda ni muuguzi wa zamu.

Na usidhani umepata bahati mbaya ya kuangukia wodi yenye mkosi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na hao ni mbali na wale wanaozaliwa wakiwa wamekwisha kufa, ambao duniani kote wanakadiriwa kufikia karibu milioni 1.9 kwa mwaka. Utakutana nao, kwa hiyo ni afadhali ujipange.

Nianze na habari yenyewe. Unapoweka fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, tumboni na kuihamisha huku na huku bila kusikia kitu, mama ameshakusoma usoni kabla hujanyanyua kichwa. Usimwambie kwamba kifaa kibovu, wala usimwache na «tunamsubiri daktari» kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwambie kwamba huyasikii mapigo ya moyo, kwamba unamwita daktari ahakikishe kwa ultrasaundi, na umuulize anataka nani awe karibu naye. Likishathibitika, vuta kiti ukae, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto wake amefariki, kisha unyamaze. Ukimya ule ni mgumu kwetu kuliko kwake, na ndio unaotufanya tukimbilie kusema kwamba bado ni kijana, atapata mwingine, Mungu kampenda zaidi. Akisema mwenyewe kwamba ni mapenzi ya Mungu, itikia; lakini kauli hiyo ni yake kuitamka.

Baada ya hapo anakuwa bado na uchungu wa kuzaa mbele yake, na hapa ndipo ninapokasirika. Nimeona mara nyingi mama wa namna hii akisukumwa kitanda cha mwisho, hapimwi, hapewi dawa ya maumivu, kana kwamba kwa kuwa hakuna mtoto wa kuokoa hakuna mgonjwa. Yeye ni mgonjwa kamili, na kama kondo lilibanduka au mtoto alikaa tumboni muda mrefu baada ya kufa, damu yake inaweza hata kushindwa kuganda. Mpime kama unavyowapima wengine, na mruhusu mama yake au dada yake akae naye.

Kuhusu kumwona mtoto, utaambiwa mengi. Bibi atakuvuta pembeni akusihi usimwonyeshe, kwamba ataumia zaidi, kwamba kwao mtoto asiyelia huzikwa na wanawake wachache bila matanga na mama haendi kaburini. Sibishani na wazee, ila namuuliza mama mwenyewe, na kabla ya kumuuliza namweleza atakachokiona: midomo imekuwa myeusi, ngozi imechubuka hapa na hapa, kichwa ni laini. Kisha namsafisha mtoto, namvalisha nguo zilizokuja kwenye begi, namfunga kanga aliyoichagua mama yake, nami nambeba kama ninavyombeba mtoto aliye hai. Akikataa, sawa; namwambia kwamba akibadili nia anishtue, kisha narudi baadaye kumuuliza tena, maana anayekataa saa ya kwanza si lazima akatae saa ya tatu. Usimlazimishe hata mara moja.

Yupo mmoja ninayemkumbuka sana, ambaye mama mkwe wake alisimama mlangoni akizuia kabisa. Mama alisema anataka kumwona mwanawe, nikamletea. Alifunua kanga polepole, akapita uso, akafika kwenye masikio, akasema haya ni ya baba yake. Yule mama mkwe alisogea kutoka mlangoni, akainama, akasema hapana, haya ni ya marehemu mume wangu, na wale wanawake wawili wakawa wanabishana kwa sauti ya chini masikio yale yametoka kwa nani. Waliomba kumpiga picha kwa simu, na mimi nikachukua pedi ya wino wa mhuri pale mezani, nikaubonyeza unyayo wake kwenye karatasi nyeupe. Hakuna bajeti ya hospitali inayohitajika kwa jambo hilo, ila ukishamaliza mfute mtoto wino vizuri.

Usimsahau baba. Mara nyingi yuko nje ya geti kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa haijafika, ameshika beseni na chupa ya mtori aliopikiwa mzazi, na hakuna aliyemwambia neno. Toka wewe mwenyewe, mwombe mlinzi ampishe, mweleze akiwa ameketi, umwingize kwa mkewe kabla hajaanza kupigiwa simu na ndugu wanaouliza ni wa kike au wa kiume. Wanaume wengi hujitwisha mara moja shughuli za jeneza na kibali cha mazishi, na watu huwasifu kwa ujasiri. Muulize naye kama anataka kumbeba mtoto. Sijui kwa nini swali hilo tunaliona la wanawake tu.

Katika mambo ya dini, kazi yako kubwa ni kusema kweli na kuwahi. Kwa Waislamu, mtoto aliyeonyesha dalili ya uhai kisha akafariki huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa kama maiti mwingine yeyote; aliyetoka bila dalili yoyote, baada ya mimba kuvuka miezi minne, huoshwa na kuzikwa, na kuhusu kumsalia wanazuoni wametofautiana. Kwa hiyo shehe atakapouliza kama mtoto alilia au alivuta pumzi, jibu lako lina uzito kuliko unavyofikiri, nalo lilingane na ulichoandika kwenye faili. Kwa Wakatoliki, anayebatizwa ni mtoto aliye hai, na panapokuwa na hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno ya ubatizo, hata muuguzi. Mtoto njiti akianza kuzidiwa kwenye oksijeni, waulize wazazi wakati ule ule. Padri anaweza kuchelewa njiani.

Kitanda ni tatizo la kila hospitali ninayoijua. Hatuna chumba cha pekee, kwa hiyo mama aliyefiwa tumemtengea kona iliyo karibu na meza yetu, tumefunga pazia, na tunaweka alama ndogo kwenye jalada la faili ili mwanafunzi au mhudumu asije akamuuliza kama mtoto ameshanyonya. Alama hiyo itaje pia unapokabidhi zamu, kwa sababu swali la namna hiyo, likiulizwa alfajiri na mtu asiye na nia mbaya, hubomoa kazi yote ya usiku.

Sasa maziwa, ambayo ndiyo tunayoyasahau kuliko yote. Tunamruhusu mama mapema, kesho yake au keshokutwa, kisha akiwa nyumbani katikati ya wageni wa pole maziwa yanajaa, kanga inalowa, na hakuna aliyemwonya. Mwambie kabla hajaondoka kwamba yatakuja, pengine siku ya tatu, na kwamba mwili wake haujakosea. Avae sidiria inayobana kiasi usiku na mchana, aweke kitambaa cha maji baridi, ameze dawa ya maumivu, na yakimzidi akamue kidogo tu ya kumpa nafuu, maana akiyakamua yote yatarudi mengi zaidi. Ipo dawa ya kuyakausha ambayo daktari anaweza kumwandikia, lakini haimfai mwenye shinikizo la damu la mimba, na baadhi ya akina mama hawa ndio hao hao, kwa hiyo mkumbushe daktari aangalie presha kwanza. Ziwa likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, arudi hospitali.

Mwenye ajira rasmi mweleze pia haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mama anastahili siku nyingine 84, huku baba akiwa na angalau siku 4 za msiba. Waajiri wachache watamtajia hayo wenyewe. Kwa mama ntilie na mkulima sheria hiyo haina la kusema, na hao ndio wengi wetu.

Kliniki ndipo tunapompoteza kabisa mama huyu. Mahudhurio yetu yote yamefungwa kwenye kadi ya mtoto, kupima uzito na chanjo, na asiye na mtoto hana sababu ya kuja kukaa benchi moja na wanaonyonyesha. Sisi tunampangia alasiri, kliniki ikishaisha, na namba yake ya simu inaandikwa kwenye daftari letu ili asipokuja tumpigie. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza kama analala na kama anakula, na kumweleza kwamba kwa kuwa hanyonyeshi anaweza kushika mimba mapema kuliko anavyodhani. Siku hiyo pia atauliza kwa nini. Sehemu kubwa ya watoto wanaozaliwa wafu, zaidi ya asilimia 40 duniani, hufia katika uchungu, kwa hiyo swali hilo linatugusa sisi wenyewe na ndiyo maana tunalikwepa. Mwambie daktari awepo, mmweleze mama kilichojulikana katika kikao cha mapitio ya vifo, na kama chanzo hakikupatikana mmwambie hivyo.

Kuhusu machozi yako uliyoyaona aibu: mimi nimelia mbele ya wazazi na hawakunichukia. Ila usiende moja kwa moja kumpokea mtoto wa kitanda kinachofuata. Mwombe mwenzako akushikie dakika chache, na wewe umshikie zamu yake ikifika.

Ongea na metroni wako, mkuu wa wauguzi, kuhusu ile stoo uliyosema imejaa magodoro mabovu, iwe chumba cha akina mama hawa. Ukiipata, niandikie vipimo vya mlango na dirisha, kwa sababu fundi aliyetushonea pazia zetu bado ana kitambaa na anakuja huko kwenu mwisho wa mwezi.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa tangu chuoni.