Jumamosi ni makumbusho ya reli

Hamjambo wapendwa? Kuna mabadiliko kidogo. Safari ya Tsavo tumeisogeza mbele, kwa hiyo Jumamosi hii tukutane Makumbusho ya Reli, Nairobi, saa nne kamili asubuhi, langoni.

Simulizi yetu ni ile ile: simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, mpaka kazi ya daraja ikasimama. Vibarua wengi waliamini hawakuwa simba bali mizimu ya machifu wawili waliokufa, wamekasirika reli kupita nchini mwao. Mimi hilo hunigusa kuliko risasi za Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, aliyewaua simba hao Desemba mwaka huo. Ngozi zao ziko Chicago hadi leo. Lakini pale makumbusho tutaona behewa ambamo simba mwingine alimkamata Ryall, afisa wa polisi wa reli, na kumtoa nje usiku, akiwa kituo cha Kima mwaka 1900. Simameni karibu nalo, mtanyamaza wenyewe.

Naomba:
1. Mchango wa chai, Sh 300, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Kiingilio kila mtu ajilipie.
2. Mwenye mzee nyumbani anayejua simulizi za reli amuulize, arekodi kwa simu. Hizi zinapotea, jamani.
3. Watoto waje, ila wadogo sana habari hizi zitawatisha.

Jibuni "NAKUJA" au "SIJI" hapa hapa kufikia Jumatano usiku, pamoja na idadi ya watoto. Asanteni sana.