Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hadithi ya Mtunya na Hali ya Chama

Ndugu wanachama, mbukwenyi.

Nawashukuru mliofika. Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kusoma bunilizi za kisayansi viliendelea, vijana wa sekondari walifundishwa kuandika, na tulikwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Basi la safari ile nililitafuta mimi, na bei nikaibembeleza mpaka ikashuka. Kule baadhi yetu walitaka wale watu warefu wembamba wa kwenye michoro wawe wageni kutoka angani. Nilikataa palepale na bado nakataa. Waliochora ni watu walioishi pale, na hatuna haki ya kuwanyang'anya kazi ya mikono yao ili sisi tupate hadithi.

Sasa niingie kwenye suala lililoleta maneno mengi, yaani hadithi yetu ya pamoja.

Sote tulikubali iwe juu ya watazamaji wa sayari nyingine waliojificha Ugogo ya zamani, nchi ya Wagogo hapa Dodoma. Wengine walitaka enzi za misafara ya biashara, msafiri Mzungu Stanley alipopita mwaka 1871 na watemi wakitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Kamati Tendaji, kwa pendekezo langu, iliamua tuandike Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, na kwamba mtazamaji wetu asishushe chakula kutoka angani. Nimeambiwa najifanyia mambo peke yangu. Nimeambiwa pia sina huruma. Uamuzi huo uliletwa kwenu mara mbili na mara zote akidi haikutimia. Mlitaka kamati ingoje hadi lini?

Tuanze na kujificha kwenyewe. Mgeni hakuingia kwenye tembe ya mtu hivihivi. Aliulizwa ametoka wapi na ni wa ukoo gani. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilijaza njia wapagazi waliokamatwa kubeba mizigo ya majeshi, na walioshindwa kuendelea waliachwa njiani. Mtazamaji akijifanya mmoja wao, hajui Kigogo, haongei sana, na hakuna wa kumshangaa. Wazo hilo ni langu, na hata wanaonipinga wamelitumia katika sura zao.

La pili ndilo zito. Njaa ile haikuletwa na ukame peke yake. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Waingereza walipoiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nao wakaendelea kuchukua. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba, mifugo ya kubadilisha na chakula ilikuwa imekwisha, na nguvu za kulima zilikuwa zimepungua. Kisha mafua makali ya 1918 yakawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, katika Ugogo iliyokuwa na watu kama 150,000. Chombo cha angani kikimwaga magunia ya uwele pale, msomaji atafurahi, na waliochukua ng'ombe watasahaulika. Mtazamaji wetu anaandika nani kachukua nini, kwa nani, msimu gani. Ushahidi huo ninautaka ubaki hadi ukurasa wa mwisho.

Kuna mwanachama aliyenitajia mwanafalaki John Ball wa Marekani, ambaye mwaka 1973 alitoa dhana kwamba viumbe walioendelea huenda wanatuacha bila kutuingilia, kama tunavyowaacha wanyama hifadhini. Dhana hiyo siipendi, maana inawageuza babu zetu kuwa wa kutazamwa tu. Someni sura ya sita: mtazamaji anagawana mlenda wake na watoto wa mwenye nyumba mpaka naye anakonda, anachota nao maji kwenye mto mkavu, anazika nao. Anasaidia kwa kadiri jirani wa wakati ule alivyoweza. Anayesema hakuna huruma hapo hajaisoma.

Mahudhurio yananiumiza. Wengi wetu ni watumishi, najua Bunge la bajeti likianza hakuna nafasi. Lakini mtu anayepata muda wa kunipigia usiku kulalamikia sura ya nne, anakosaje saa mbili za Jumamosi?

Kuhusu fedha, wanachama ni 46, waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 17. Ada 340,000, michango ya safari 690,000, jumla 1,030,000. Matumizi 1,085,000. Pengo la 55,000 nililiziba mimi, risiti ziko kwa mhazini.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuichapa hadithi, kuwasikiliza wazee waliosimuliwa Mtunya na wazazi wao, na pengine kufika Mpwapwa, hali ikiruhusu. Rasimu iko kwa katibu. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi, na awe amelipa ada.

Naomba kuwasilisha.