Yah: Breka ya umeme wa AC kwenye laini ya paneli za sola mlizonifungia, na kauli ya msimamizi wenu

Mteja wenu,
Kilwa Masoko.

Kwa Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe leo naitafuta kwa tochi. Risiti mnayo, mkataba mnao, masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe. Sitayarudia.

Jumatatu asubuhi, siku ya nne tangu nipige simu, msimamizi wenu alifika dukani kwangu. Nikamwonyesha boksi la breka lililoyeyuka. Hakulifungua. Mbele ya wateja akasema: "Mama, wewe uza samaki, umeme tuachie sisi." Kisha akajaza kwenye fomu yake kwamba mteja alizidisha mzigo.

Mzigo gani? Ijumaa ile saa sita mchana zilikuwa zinafanya kazi friza mbili, zile zile mlizozihesabu mlipokuja kupima. Binti yangu alisikia boksi linavuma kama mzinga wa nyuki, akashusha breka. Breka ilishuka, lakini cheche ndani hazikukatika, plastiki ikaanza kudondoka sakafuni. Ilibidi mashemeji zangu wapande juu ya bati na turubai wafunike paneli, ndipo moto ukafa.

Paneli 8 mmezifunga mfululizo, kila moja volti 49 isipokuwa na mzigo. Hizo ni volti 392 za DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Breka mliyoweka imeandikwa ubavuni kwamba ni ya AC, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. Mafundi wenu wanajua kuliko mimi kwamba AC ya hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche yake hufia hapo. DC haina sifuri ya kupitia. Kwenye ankara mmeandika "breka ya DC", na bei yake nimelipa.

Ankara hiyo hiyo inasema waya wa betri ni wa milimita za mraba 35. Uliopo ni wa 10, kutoka betri za volti 48 hadi inveta (kile kifaa kinachogeuza DC kuwa AC) ya kilowati 5, ambayo ikifanya kazi yote inavuta zaidi ya ampea 100. Fyuzi ya betri hakuna. Fimbo ya arthi mliileta, namshukuru Mungu, imelala nyuma ya choo tangu siku mliyoondoka.

Narudi kwenye Jumatatu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Binti yangu alisomea umeme VETA. Alikuwa amesimama pale, testa mkononi, akamwambia kwa adabu: "Kaka, naomba usome maandishi ya hiyo breka." Hakumtazama hata usoni. Alinigeukia mimi, akacheka: "Mama, wewe uza samaki, umeme tuachie sisi." Wateja watatu wanasikia, mmoja wao mzee ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Na huku anasema hivyo ameziba pua, kwa sababu kilo 60 za nguru na changu zilikuwa zimeoza tangu Jumamosi. Niuze samaki wapi?

Nilipokaa kuandika nilitaka breka, waya, fyuzi na arthi tu, ndani ya siku 7. Sasa nataka na fidia ya kilo 60 kwa bei ya soko la hapa. Nataka pia namba ya leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, ya fundi aliyefunga kazi hii. Na msimamizi wenu arudi, aombe radhi pale pale kaunta, kwa binti yangu kwanza, mimi baadaye, tena saa ambayo wateja wapo.

Yakiwashinda hayo, njooni mng'oe kila kitu mnirudishie Sh 7,400,000 zangu zote. Breka iliyoungua sitampa fundi wenu yeyote. Ipo kwenye mfuko, imepigwa picha pande zote. Siku ya 8 barua hii inakwenda EWURA na Tume ya Ushindani, na nakala nyingine kwa wakili.

Wenu, muuza samaki.