Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tuwekeeni kada ya walimu wa watoto wenye usonji

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima zote nakuandikia kutoka Dar es Salaam, ambako nafundisha elimu maalum katika kitengo cha watoto wenye ulemavu kilichomo ndani ya shule ya msingi ya serikali. Kuna swali naulizwa kila mara na vijana, nami nashindwa kulijibu kwa uhakika: "Mwalimu, nikisomea kufundisha watoto wenye usonji, kuna maisha huko?" Anayeuliza huwa kijana aliyemaliza kidato cha sita na nyumbani ana mdogo wake mwenye usonji (autism), hali inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Au mama aliyeanza kwa kumsindikiza mwanawe shuleni, akajikuta anatusaidia darasa zima. Wengine ni walimu wa kawaida waliopangiwa kitengo bila kuomba, wakaipenda kazi. Wana moyo. Wanachokosa ni njia ya kupita, na njia hiyo mnaweza kuifungua wewe na wenzako wa TAMISEMI na Utumishi.

Ombi langu ni kwamba kufundisha na kuhudumia watoto wenye usonji kuwe kada kamili ya utumishi wa umma, yenye muundo wake, sifa za kuingilia, ngazi za kupanda na vituo vya kupangiwa.

Naomba nikueleze kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni kulea tu. Chukua mtoto wa miaka saba asiyesema. Akishikwa na kiu hulia, hujipiga kichwa, na mpita njia husema kadekezwa. Tunamfundisha kuomba kwa kadi ya picha. Mtu mzima mmoja anakaa mbele yake ameshika kikombe cha maji. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, haongei kabisa, kazi yake ni kumwongoza mkono aokote kadi na kuiweka kwenye kiganja cha yule wa mbele. Kadi ikigusa kiganja, kikombe kinatolewa papo hapo na neno linatamkwa: "Maji." Hakuna kumwambia "sema kwanza." Siku zinavyokwenda yule wa nyuma anapunguza msaada, anashika kifundo cha mkono, kisha kiwiko tu, kisha anaondoa mkono kabisa. Baadaye kadi inawekwa mbali ili mtoto ainuke kuifuata. Baadaye tena kadi zinakuwa mbili, achague. Njia hii ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, nasi tunaitumia kwa kadi tulizochora na kubandika wenyewe.

Mheshimiwa, ona hapo wanahitajika watu wazima wawili kwa mtoto mmoja. Huyo wa nyuma hayupo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zinazolipwa na serikali. Katika vitengo vingi ninavyovifahamu ni mzazi anayejitolea, au dada wa shule anayelipwa kwa michango ya wazazi pale michango inapopatikana. Akipata kibarua kingine anaondoka, na hakuna wa kumlaumu. Mtoto aliyezoea mikono yake anaanza upya na mtu mgeni, na kwa mtoto mwenye usonji mabadiliko hayo pekee yanaweza kumvuruga wiki nzima: sauti ngeni, harufu ngeni, ratiba iliyopinduka.

Walimu nao tunahamishwa kama wengine wote. Mwenzangu mmoja mwenye stashahada ya elimu maalum alipelekwa shule isiyo na kitengo, na sasa anafundisha hisabati darasa la tano. Anaifundisha vizuri. Lakini serikali ilitumia fedha kumsomesha ujuzi ambao hautumii, na kitengo alichokiacha kilibaki na mwalimu mmoja. Barua ya uhamisho haikukosea utaratibu wowote, kwa sababu utaratibu wenyewe haumtofautishi mwalimu wa kitengo na mwalimu mwingine.

Hata mshahara una habari hiyo hiyo. Katika ngazi za mishahara ya walimu, mwenye stashahada anaingilia TGTS C, mwenye shahada TGTS D, awe anafundisha darasa la kawaida au kitengo. Sibishani na viwango hivyo. Kinachonisumbua ni kupanda. Mwalimu hodari wa kitengo akitaka madaraka anakuwa mwalimu mkuu au afisa elimu kata, na kila hatua inamtoa darasani. Kwa nini asiwepo mwalimu mwandamizi wa usonji, anayebaki na watoto wake asubuhi na kuwalea kikazi walimu wachanga wa vitengo vya jirani mchana? Ujuzi huu hauwezi kusomwa kwenye vitabu peke yake. Unaonyeshwa, unajaribiwa, unasahihishwa na aliyekutangulia akiwa amekaa pembeni yako.

Kuhusu mafunzo, tuna mahali pa kuanzia. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimetoa walimu wengi wa elimu maalum wa nchi hii. Ila mgawanyo tuliouzoea ni wa uoni, usikivu na akili, na usonji ukawa unawekwa ndani ya kapu la ulemavu wa akili. Wapo watoto wenye usonji wenye ulemavu wa akili, ni kweli. Wapo pia wanaosoma vizuri kuliko darasa lao, shida yao ni kuongea na watu, kuvumilia makelele, kubadilisha shughuli. Hawa wanahitaji mwalimu aliyefundwa kwa ajili yao. Na mama wa Mbagala mwenye watoto watatu hawezi kuhamia Arusha miaka miwili. Naomba Patandi wapewe uwezo wa kuendesha masomo ya likizo hapa Dar es Salaam, mazoezi yafanyikie kwenye vitengo vyetu.

Muhimbili nako, kwenye Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, kuna shahada za tiba ya usemi na tiba kazi, ile inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Nimefurahi mno kwa hilo. Lakini sijawahi kuona nafasi ya mtaalamu wa usemi kwenye ikama ya shule ya msingi. Hata mmoja wa kuzunguka vitengo vya manispaa nzima angetubadilishia kazi.

Kwa kukosa njia ya hapa nyumbani, vijana wanalipia masomo ya mtandaoni kutoka nje. Wengi wanafuata yale mafunzo ya saa 40 ya wasaidizi wa tiba ya tabia ya Kimarekani, wakiamini watapata cheti kinachotambulika. Mheshimiwa, tangu mwaka 2023 bodi ya Marekani inayotoa cheti hicho imeacha kupokea maombi mapya kutoka nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo. Kijana anamaliza saa zake 40 na fedha zake zimekwenda, mtihani hana pa kuufanyia. Tiba yenyewe ina mjadala mkubwa, na watu wazima wenye usonji wamelalamikia namna ilivyotumiwa kwao utotoni. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka cheti chetu wenyewe, chenye maadili tuliyokubaliana, na daftari la waliosajiliwa. Bila daftari hilo yeyote anaweza kubandika kibao mtaani na kuahidi kuponya usonji. Usonji hauponywi kama malaria, na mzazi aliyeuza kiwanja kwa ahadi hiyo hana pa kushtaki.

Watoto wenyewe ni wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huu na watu 5,383,728. Tukichukua wastani huo wa dunia tu, ni zaidi ya watu 42,000 wa Dar es Salaam, wakubwa kwa wadogo. Ukiwauliza wazazi shule za serikali zinazowapokea watoto wao, wengi watakutajia Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto, zote huku katikati ya jiji. Mtoto wa Chanika, pembezoni mwa jiji, anafika huko kwa daladala, ameziba masikio kwa mikono yote miwili, konda anapiga kelele za vituo na abiria wanamtazama mama yake. Kitengo karibu na nyumbani kinawezekana, ila darasa hujengwa kwa miezi na mwalimu hutengenezwa kwa miaka. Ndiyo maana nimeanza na mwalimu.

Sheria hazijapungua. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, tunayo. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ni wa 2021/22 hadi 2025/26. Huo utakaoufuata ndio naomba uwe na sura ya watu watakaoifanya kazi hii: majina ya vyeo, idadi kwa kila halmashauri, na fungu la mishahara.

Kama yote hayawezekani kwa mara moja, anzeni na msaidizi wa darasa. Mpeni cheo, mafunzo mafupi yanayotambulika na mkataba wa mwaka unaolipwa na halmashauri. Wa kwanza kuomba watakuwa wale wale akina mama waliokwisha kuijua kazi. Kisha toeni waraka kwamba mwalimu wa kitengo hahamishwi kabla mrithi wake hajakaa naye muhula mzima.

Kabla rasimu ya mkakati mpya haijafungwa, tuiteni walimu wa vitengo vya Dar es Salaam. Tutakuja na kadi zetu, na wazazi watakuja nasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa elimu maalum,
Dar es Salaam