Nipite Chalinze au Bagamoyo?

Mwanangu,

Hujambo? Bibi hajambo? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa.

Picha ya daftari lako nimeiona, mjomba alinitumia. Kwenye swali la gari umejumlisha 80 na 50, ukagawa kwa mbili, ukapata kasi ya 65. Mwalimu kakata, na kakata kwa haki. Gari likienda kilomita 75 kwa kasi ya 80 na nyingine 75 kwa kasi ya 50, linakaa muda mrefu zaidi kwenye 50. Tafuta muda wa kila kipande, ndipo ujumlishe: 75/80 + 75/50, yaani kama saa 2 na dakika 26. Ile 65 yako inatoa saa 2 na dakika 18.

Sasa nikupe swali la kwetu. Shule zikifungwa natoka Dar nakuja Korogwe kukuchukua. Njia ni mbili, na zote zinakutana Msata. Kupitia Kibaha na Chalinze ni kama kilomita 150 hadi hapo. Kupitia Bagamoyo ni kama 130. Kwenye vijiji kuna kibao cha 50, na askari wa tochi hawana mzaha. Kilomita hizo ziite k. Tuseme zinalingana njia zote mbili. Kwingine naenda 80, sizidishi hata barabara ikiwa nyeupe. Foleni ya kutoka mjini iite f kwa Chalinze na g kwa Bagamoyo, zote kwa saa. Ukipewa dakika, gawa kwa 60 kwanza.

Chalinze: k/50 + (150 − k)/80 + f + r
Bagamoyo: k/50 + (130 − k)/80 + g + r

Hiyo r ni muda wa kutoka Msata, kuvuka Wami, Mkata, Segera, hadi kwa bibi. Na mabano usiyasahau kama ulivyofanya swali la nne! Ukiandika 150 − k/80, mama yako atakaa barabarani zaidi ya siku sita.

Utasema siijui r, na k sijaipima. Hatuzihitaji. Toa mtajo wa pili kwenye wa kwanza: r inaondoka, k nayo inaondoka, inabaki 20/80 + f − g, yaani robo saa + f − g. Kwa hiyo Bagamoyo inashinda, ila foleni yake ikizidi ya Chalinze kwa zaidi ya dakika 15. Sehemu nzima ya kutoka Msata hadi kwa bibi haina kauli hapa, kwa sababu napita palepale kwa vyovyote. Mimi hapo ndipo aljebra inaponifurahisha.

Kuna jambo nimeliruka. Njia ya Chalinze ina malori ya Zambia na Kongo, na ukikwama nyuma yake pasipo nafasi ya kuovateki, 80 inageuka 50. Hapo k za njia mbili hazilingani tena. Ya Chalinze ipe herufi nyingine, n, uone nini kinabaki baada ya kutoa.

Uandike, mjomba anitumie kabla sijaondoka. Na hili pia: f ikiwa dakika 20 na g dakika 50, malori hakuna, nipite wapi?

Msalimie bibi, mwambie sukari na dawa yake ya miguu naleta.

Mama yako