Roki si ya vijana peke yao

Mhariri,

Niruhusu nimjibu msomaji aliyedai kwamba mtu mzima akipiga roki nzito anajiaibisha. Mpiga besi Billy Sheehan alikuwa na miaka 60 mwaka 2013, wakati The Winery Dogs, kundi la Marekani la watu watatu aliloanzisha na Mike Portnoy pamoja na Richie Kotzen, mwenzake wa zamani katika kundi la Mr. Big, lilipotoa albamu yake ya kwanza. Watu watatu hawana pa kujificha: Kotzen anapoacha kuimba na kuingia kwenye solo ya gitaa, hakuna gitaa la pili la kumshikia muziki, na hapo Sheehan, anayecharaza besi kwa vidole vitatu (wengi wetu tunahangaika na viwili), huliziba pengo huku Portnoy akibamiza ngoma.

Mpiga besi mstaafu,
Dar es Salaam